Wivu wa Mume wa Mwalimu Mkuu

Kila asubuhi Pyo Doksu alifungua duka lake la dobi kabla jua halijachomoza nyuma ya mlima. Aliwasha pasi ya mvuke. Alitundika suti na makoti ya wateja juu kwenye vyuma. Kisha alichemsha chai ya shayiri na kumimina vikombe viwili, kimoja chake, kimoja cha mkewe.

Chai ya mkewe ilipoa. Ilipoa karibu kila siku.

"Mama Juwon, chai!" aliita kuelekea vyumba vya nyuma, walikokuwa wakiishi.

"Nakuja!"

Alikuja kweli, lakini alipita kama upepo. Mkono mmoja ulikuwa ndani ya koti, mwingine umeshika simu sikioni.

"Umeamka, Dajong? Haya, vaa soksi. Hapana, usilale tena, nakusikia unalala. Nikifika kituo cha basi nikukute umesimama. Umekula? Basi nakuletea yai."

Akachukua yai la kuchemsha kwenye sahani ya Doksu, akalitia mfukoni, akatoka.

Doksu aliitazama sahani. Lile lilikuwa yai lake.

Mkewe aliitwa Ok Sonhui. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya sekondari pale mjini, mji wa milimani uliokuwa zamani mji wa machimbo ya makaa. Machimbo yalipofungwa, wenye nguvu walihama kwenda Seoul na Busan kutafuta kazi. Waliobaki wengi walikuwa wazee, pamoja na wajukuu walioachiwa. Nyumba za wachimbaji zilikuwa bado zimeshikamana juu ya mlima, ndogo ndogo, zimebanana. Huko watu waliendelea kupasha sakafu joto kwa yontan, yale makaa meusi ya mviringo yenye matundu, kwa sababu umeme na mafuta vilikuwa ghali kwao.

Watoto wa mlimani ndio waliomkosesha Sonhui usingizi. Wengine walilala darasani. Wengine walipigana. Wengine walianza kwa kukosa siku moja, mwishowe hawakuonekana kabisa. Walimu kadhaa walimwambia, "Mwalimu mkuu, waache waende. Wanatuharibia wengine."

Sonhui hakuwaacha. Mtoto akikosa shule, yeye alipanda ngazi za mlimani mpaka mlangoni kwake. Hakuanza kwa kufoka. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Umekula?" La pili, "Nani anaumwa hapa nyumbani?" Mara nyingi baada ya maswali hayo mawili mtoto alianza kueleza mwenyewe.

Na kila Jumamosi ya majira ya baridi aliwakusanya watoto haohao. Walipanga mstari kwenye ngazi na kupitisha yontan mkono kwa mkono mpaka kwenye nyumba za wazee wasioweza kubeba. Watoto ambao mji mzima uliwaita wakorofi walishuka mlimani na nyuso nyeusi kwa masizi, wakicheka. Wazee waliwaita "wajukuu zetu."

Mji mzima ulimsifu Sonhui. Mji mzima, isipokuwa mumewe.

"Una bahati, Doksu," wateja walimwambia. "Mke wako ni malaika."

"Ndiyo, malaika," Doksu alijibu. Akakandamiza pasi kwa nguvu mpaka suruali ya mtu ikapata alama.

Kama kila dobi, alikuwa na kawaida ya kupekua mifuko ya nguo kabla ya kuzifua. Kwenye mifuko ya mkewe alikuta glavu ndogo za mtoto, peremende, plasta za kidonda, na picha za wanafunzi waliovaa kofia za sherehe. Picha yake yeye hakuikuta hata moja. Juwon, mtoto wao wa pekee, alikuwa jeshini. Nyumba ilikuwa kimya. Jioni Doksu alikula peke yake mbele ya televisheni, na mkewe aliporudi, alirudi na hadithi za watoto wa watu.

"Leo Dajong amecheka!" alisema jioni moja, akivua viatu. "Mwezi mzima hajacheka. Leo amecheka mpaka meno yote yakaonekana!"

"Mimi nimeng'olewa jino leo," Doksu alisema.

Sonhui akashtuka. "Kumbe ilikuwa leo? Jamani! Nilisema nitakusindikiza."

"Ulisema."

"Baba Juwon, nisamehe. Panauma?"

"Muulize Dajong," akajibu, akaongeza sauti ya televisheni.

Gil Dajong alikuwa msichana wa miaka kumi na tano. Aliishi mlimani na bibi yake, mama wa baba yake. Baba alikuwa baharini kwenye meli za uvuvi, na mama aliondoka zamani. Bibi alipoanza kuugua magoti, Dajong aliacha kuja shule. Alipika, alifua, alibadilisha makaa. Darasani wenzake walimcheka kwamba ananuka moshi. Sonhui alimfuata nyumbani wiki baada ya wiki mpaka akamrudisha. Alimpa pia kazi ya kuongoza mstari wa Jumamosi. Tangu siku hiyo Dajong hakukosa Jumamosi hata moja, na polepole Jumatatu pia akaanza kuonekana.

Doksu aliyajua yote hayo. Aliyasikia kila jioni. Na kila alivyozidi kuyasikia, ndivyo jina la Dajong lilivyozidi kumchoma.

Rafiki yake Ma, kinyozi wa jirani, aliiona hali hiyo akafanya mzaha. "Doksu, nakupa ushauri wa bure. Na wewe acha shule. Labda mwalimu mkuu atakutembelea nyumbani."

Watu waliokuwa kwa kinyozi walicheka mpaka wakashika mbavu. Doksu naye alicheka. Lakini alipofika dukani kwake, alipiga pasi shati lilelile mara tatu.

Asubuhi moja ya theluji alikuwa akipanga nguo dirishani. Dajong alipita barabarani akielekea shule. Shingoni alikuwa amejifunga skafu ya sufu, rangi ya njano ya haradali.

Doksu aliacha alichokuwa akifanya. Skafu ile aliinunua yeye. Alisafiri kwa treni mpaka Gangneung kuitafuta, kwa sababu Sonhui aliwahi kusema anapenda rangi ile.

Jioni hakusubiri mkewe avue viatu.

"Skafu yako iko wapi?"

"Ipi? Aa, ile ya njano. Nimempa Dajong. Alikuwa shingo wazi kwenye baridi ile, baba. Ungemwona!"

"Nimemwona. Nimemwona vizuri sana."

"Sasa mbona umenuna?"

"Sijanuna. Nifanye nini ili nipewe na mimi kitu? Niugue? Nitoroke? Niambie, Mama Juwon. Nikavunje vioo vya shule?"

"Unazungumza kama mtoto."

"Afadhali mtoto! Watoto ndio unaowaona!"

Sonhui alimtazama kwa mshangao. Alikuwa amechoka. Akaingia kuoga.

Siku chache baadaye ilikuwa Jumapili ya kumbukumbu ya ndoa yao. Doksu alikuwa ameweka nafasi kwenye mkahawa wa kuku wa mchuzi wa pilipili, ule walimokula siku ya kwanza walipojuana. Jumamosi jioni Sonhui alimwambia kwa sauti ya chini:

"Baba Juwon, kesho nataka nusu saa tu ya asubuhi. Nipande kwa kina Dajong. Bomba lao la moshi limeachia kwenye kiungo. Nimeliona leo. Fundi ameniambia anakuja Jumatatu, lakini nataka nilifunge kwa muda."

"Kesho?"

"Nusu saa."

"Miaka yote nakupa siku zote. Nimeomba moja. Moja!" Doksu alisimama. "Nenda. Nenda, ukae hukohuko. Mimi nitakula kuku na kiti kitupu."

Sonhui alitazama koti lake pale mlangoni. Kisha akasema, "Sawa. Siendi." Akampigia simu Dajong, akamwambia waache dirisha wazi kidogo wakati wa kulala mpaka fundi aje. Doksu alisikia, na moyoni alifurahi. Ilikuwa furaha ya mtu aliyeshinda mchezo.

Jumapili asubuhi Sonhui alikwenda kwenye bafu la umma kuoga na kusinga mwili, kama wanawake wengi wa mji walivyofanya siku hiyo. Simu yake aliiacha dukani ikichajiwa, kando ya meza ya pasi. Doksu alikuwa akipiga pasi shati lake jeupe la kutokea. Alikuwa anapiga mluzi.

Simu ikaita. Kwenye kioo pakaandikwa: Dajong wangu.

"Wangu!" Doksu alisema peke yake. Akaigeuza simu kifudifudi.

Ikakatika. Ikaita tena. Akaipokea kwa hasira.

"Mwalimu mkuu hayupo."

"Mjomba, shikamoo," sauti ya msichana ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyeamshwa. "Samahani kwa kusumbua. Bibi anaumwa kichwa sana. Ametapika. Na mimi kichwa... labda ni samaki wa jana..."

"Leo ni Jumapili. Mwalimu mkuu naye ana nyumba, ana mume. Mpe bibi dawa ya kichwa. Kesho mtaonana shuleni."

"Ndiyo, mjomba. Nimempa maji ya kimchi, ya ile kabichi iliyochachushwa. Samahani, mjomba."

Doksu akakata simu. Akarudi kwenye shati lake, akalimaliza, akalivaa. Lakini mluzi haukurudi.

Muda si mrefu mlango ulifunguliwa. Aliingia nesi Maeng wa kituo cha afya, mama mwenye mwili na sauti kubwa, kuchukua koti lake.

"Loo, shati jeupe! Kumbe leo ni leo!" alisema. "Unampeleka wapi bibi harusi?"

"Kama wataniachia. Hata leo wamempigia. Yule msichana wa mlimani. Bibi anaumwa kichwa, yeye anaumwa kichwa, mwalimu mkuu aje awapulizie!"

Nesi Maeng, aliyekuwa akivaa koti, alisimama na mkono mmoja nje ya koti.

"Wote wawili kichwa kinauma?"

"Ndivyo alivyosema. Na bibi ametapika."

"Kwa pamoja? Asubuhi hii? Wanatumia yontan?"

"Mlimani kule nani asiyetumia..." Doksu akaigeukia simu ya mkewe. Maneno ya mkewe yakamrudia. Bomba limeachia kwenye kiungo. Usiku theluji ilianguka nyingi. Mzee gani angelala na dirisha wazi kwenye baridi ile?

"Doksu," nesi Maeng alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, "mtu mmoja akiumwa kichwa, huenda ni mafua. Watu wote wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja, na kuna moto wa makaa, hiyo ni gesi. Mpigie mwambie watoke nje. Sasa hivi!"

Doksu alipiga. Simu iliita, ikaita. Hakuna aliyepokea.

Alikumbuka gari lake dogo la kupelekea nguo. Walitoka mbio na kuacha duka wazi. Nesi Maeng alipiga 119, namba ya dharura, akiwa ndani ya gari na kuwaelekeza watu wa zimamoto. Doksu aliendesha akipiga honi.

"Ile gesi ina harufu?" aliuliza.

"Haina. Ndiyo ubaya wake. Haina harufu, haina rangi, haikufanyi ukohoe. Moshi unaouona unakukimbiza. Hii ni adui usiyemwona. Inakulegeza tu. Unaumwa kichwa, unasikia kizunguzungu, kichefuchefu, unataka kulala. Ukilala, huamki."

"Amempa maji ya kimchi."

"Wazee wanaamini yanatibu. Maji ya kimchi hayatoi gesi kwenye damu. Dawa ya kwanza ni hewa safi. Na aliyelegea usimnyweshe kitu, atapaliwa."

Gari liliishia chini ya ngazi. Njia ilikuwa nyembamba. Doksu alipanda ngazi zenye theluji akianguka na kuinuka. Hakuwahi kupanda huku. Miaka yote mkewe alipanda, na yeye hakuwahi kuuliza hata nyumba ni ipi. Nesi Maeng alimwelekeza kwa kelele kutoka nyuma, "Mlango wa bluu! Mlango wa bluu!"

Mlango wa bluu ulikuwa wazi nusu. Dajong alikuwa amelala kifudifudi kizingitini, mkono mmoja uko nje kwenye theluji. Alikuwa amejaribu kutoka. Doksu alimvuta mpaka uani. Mashavu ya msichana yalikuwa mekundu, kama mtu aliyetoka kucheza. Alifumbua macho kidogo.

"Bibi," alisema.

"Ngoja!" nesi Maeng alimshika Doksu shati. "Vuta pumzi hapa nje, uibane. Ingia, fungua dirisha, mbebe bibi, toka. Ukisikia kichwa chepesi, toka hata kama hujambeba. Sitaki wagonjwa watatu."

Doksu alivuta pumzi, akaingia. Dirisha lilikuwa limefungwa na kuzibwa kwa blanketi. Alilisukuma kwa kiwiko. Bibi alikuwa amejikunja kwenye godoro sakafuni, mdogo kama mtoto. Doksu alimtia mgongoni. Hakuwa na uzito wowote. Alitoka naye, akapiga magoti kwenye theluji, akalia kwa sauti bila kujua kwamba analia.

"Anapumua," alisema nesi Maeng. Alikuwa amemlaza bibi ubavu na kulegeza nguo shingoni. "Mfunike kwa koti. Doksu! Lia baadaye. Mfunike."

Watu wa zimamoto walifika na mitungi ya oksijeni. Mmoja wao aliliangalia bomba la moshi nyuma ya nyumba. Kiungo kilikuwa kimeachana kabisa, na theluji iliyoporomoka kutoka paani ilikuwa imeziba mdomo wa juu. Gesi yote ilirudi ndani.

Habari zilimkuta Sonhui bafuni, akafika hospitalini na nywele mbichi na ndala za bafuni. Alipita moja kwa moja mpaka chumba cha wagonjwa. Dajong alikuwa na kinyago cha oksijeni usoni na alikuwa akizungumza. Bibi alikuwa amefumbua macho, lakini alikuwa bado hajui yuko wapi. Daktari alisema wataishi. Wangechelewa kidogo zaidi, asingesema hivyo.

Sonhui alitoka, akaja kwenye korido. Doksu alikuwa kwenye benchi na shati lake jeupe lililojaa masizi.

"Umewaokoa," Sonhui alisema, akamshika bega. "Baba Juwon, umewaokoa."

Doksu angeweza kunyamaza. Nesi Maeng asingesema. Lakini mkono ule begani ulimwelemea.

"Alipiga simu kwanza," alisema. "Alipiga mara mbili. Nilipokea. Nikamwambia leo ni Jumapili. Nikamkatia."

Mkono wa Sonhui ukaondoka begani.

"Alikwambia wanaumwa?"

"Aliniambia."

"Na wewe ukakata."

"Nilikata." Doksu aliangalia sakafu. "Niliona umeandika 'Dajong wangu.' Nikasikia wivu. Nawaonea wivu, Mama Juwon. Wote. Yule wa peremende, yule wa glavu, huyu wa yai na skafu. Nina miaka hamsini na zaidi, nawaonea wivu watoto wasio na mama. Nimwambie nani jambo kama hilo? Ningechekwa."

Sonhui alisogea mpaka mwisho wa benchi. Hasira yake haikuwa na kelele, na Doksu aliona afadhali angepiga kelele.

"Sijui nitakusamehe lini," hatimaye alisema. "Sitakudanganya kwamba ni leo."

"Sawa."

"Lakini na mimi kuna langu. Nililiona lile bomba. Mimi ndiye mtu mzima niliyeliona. Ningeweza kuwashusha wakalale kwetu. Ningeweza kupiga simu kwa nesi, kwa jirani, kwa yeyote. Sikufanya, kwa sababu niliogopa uso wako. Na uso wako umekuwa vile kwa sababu hata jino uling'olewa ukiwa peke yako." Alifuta macho kwa kiganja. "Nimejifanya niko peke yangu mji huu. Kila kitu mimi. Ndiyo maana hata wewe nilikuona kama mtu wa kunizuia."

"Ulikuwa na haki ya kuniona hivyo."

"Nyamaza kwanza, nazungumza." Hapo ndipo alipomsogelea kidogo. "Ungesema tu, 'Nina wivu.' Maneno mawili, Baba Juwon! Badala yake unaongeza sauti ya televisheni."

Dajong na bibi yake walipotoka hospitali hawakurudi mlimani mara moja. Walikaa kwenye chumba cha Juwon mpaka fundi alipoweka bomba jipya. Siku ya kwanza Doksu alimtengea Dajong uji, akaketi mbele yake.

"Siku ile nilikukatia simu," alimwambia. "Lilikuwa kosa langu. Wewe hukufanya kosa lolote. Siku nyingine ukiumwa, piga tena na tena. Piga mpaka mtu akusikie. Usiombe samahani kwa kuumwa."

Dajong aliangalia bakuli lake. "Mimi nilidhani mjomba hanipendi."

"Nilikuwa sikupendi," Doksu alisema. "Ulikula yai langu."

Msichana aliinua macho, hajui acheke au asicheke. Kisha akacheka, mpaka meno yote yakaonekana. Doksu akaelewa kwa nini mkewe alifika nyumbani na habari ile kama mtu aliyeokota dhahabu.

Baada ya hapo mambo yalianza kupangwa upya. Sonhui alikaa na walimu wake. Aliwaambia wazi kwamba kazi ile hawezi tena kuibeba peke yake. Kila mwalimu alichukua watoto wachache wa kuwafuatilia. Nesi Maeng alichukua wazee. Simu za dharura ziligawanywa zamu, ili mtoto akipiga awepo mtu wa kupokea. Walimu wengine walinung'unika. Mmoja alisema hiyo si kazi ya mwalimu wa hesabu. Mwezi uliofuata huyohuyo alionekana akipanda ngazi za mlimani na mfuko wa viazi.

Nesi Maeng alikuja shuleni kuwafundisha watoto. Aliwafundisha kama alivyozungumza, bila kupamba.

"Moto wowote wa makaa, uwe yontan, uwe jiko la mkaa, unatoa gesi hii. Usiingize jiko la mkaa chumba unacholala, hata kama makaa yamebaki mekundu tu, hata kama hayatoi moshi. Chumba chenye moto kiwe na njia ya hewa. Bomba likaguliwe kabla ya baridi na kila theluji ikianguka nyingi. Mmenielewa?"

"Ndiyo!"

"Mkiumwa kichwa wote nyumbani, mnafanya nini?"

"Tunatoka nje!"

"Kabla ya kutafuta simu, kabla ya kutafuta viatu?"

"Tunatoka nje!"

"Halafu?"

"Tunapiga 119!"

"Na maji ya kimchi?"

"Tunashushia wali!" mmoja alijibu, na darasa zima likacheka.

Sonhui aliizungukia ofisi ya mji mpaka wakatoa vifaa vya kengele vinavyolia gesi ikizidi chumbani. Jumamosi za yontan zikawa pia Jumamosi za mabomba. Doksu alifunga duka siku hizo. Alikuwa na mikono mizuri ya kazi ndogo ndogo. Alijifunza kwa fundi kuziba viungo na kuondoa viota vya ndege kwenye bomba. Wazee walimpenda kwa sababu alipunguza suruali zao hapohapo mlangoni, kwa sindano aliyotembea nayo.

Majira ya baridi yaliyofuata, Dajong aliongoza kundi la wanafunzi wapya. Doksu alimsikia akiwafundisha nyuma ya nyumba ya mzee mmoja.

"Wewe, usiguse kwa mkono mtupu, utaungua. Angalia hapa kwenye kiungo. Unaona weusi? Weusi ni dalili gesi inatoka. Mwite mjomba Doksu. Mjomba!"

Jumamosi moja kengele ililia katika nyumba ya mwisho, ile iliyo karibu na msitu. Mume na mke wazee walitoka nje na nguo za ndani, wakaketi kwenye theluji wakitetemeka na kugombana ni nani aliyesahau kufungua tundu la hewa. Kichwa hakikuwauma hata kidogo. Walikuwa wazima. Nesi Maeng aliwafunika blanketi, akawapigia saluti.

Dajong alimaliza sekondari ya chini mwaka huo bila kukosa ila siku tatu za mafua. Alichaguliwa kwenda sekondari ya juu ya kule bondeni, yenye mafunzo ya uuguzi. Bibi alimwambia kila mtu sokoni, pamoja na wasiouliza.

Sonhui hakuacha kuwa Sonhui. Watoto wapya walikuja na shida mpya. Kuna jioni alikaa na simu muda mrefu, akimbembeleza mvulana aliyetaka kutorokea Seoul. Doksu alikuwa jikoni akimenya viazi. Alisikiliza kicheko cha mkewe, kile kicheko cha upole alichowapa watoto wa watu, na akasikia kile kitu cha zamani kikimpanda kifuani. Alingoja mkewe amalize kuzungumza na mvulana yule. Kisha akasimama mlangoni, kisu na kiazi mkononi.

"Mama Juwon," alisema. "Nina wivu."

Sonhui aliweka simu mezani. Akamtazama mumewe kutoka juu mpaka chini.

"Wa kiasi gani?"

Doksu alifikiri. "Wa kwenda mtoni kwa miguu na kurudi."

"Na viazi?"

"Vitangoja."

Sonhui alichukua koti lake, akamchukulia na lake, akamwambia mwalimu wa zamu kwamba ametoka. Wakafunga duka, wakashuka barabara ya mtoni, mkono wake ndani ya mfuko wa Doksu. Ma, kinyozi, aliwaona kupitia dirishani akaita, "Doksu! Naona umetembelewa!"

"Siku hizi naomba!" Doksu alijibu bila kugeuka, na hakuachia mkono.